Diski ya nje: Ifomatiwe vipi, na nakala ya pili iwekwe wapi

KATIKA mtaa wa Kilimani, Nairobi, mabango ya mawakili, wahasibu, wapigapicha na mashirika ya misaada yametanda kwenye malango ya nyumba ambazo zamani zilikuwa makao ya familia. Wengi wa wapangaji hawa hawana mtaalamu wa tarakilishi wa kuajiriwa. Rekodi za wateja, hesabu za miaka kadhaa na picha za harusi hukaa ndani ya kipakatalishi kimoja, na kando yake, pengine, diski ya nje iliyonunuliwa siku mashine ilipoanza kujaa.

Hapo ndipo kosa huanzia. Mwenye afisi huhamishia faili kwenye diski, huzifuta katika tarakilishi ili apate nafasi, kisha hujiambia kwamba ameweka akiba. Hana akiba yoyote. Nakala ya akiba ni ile ya pili, ya kwanza ikiwa bado ipo.

Kwa mwenye biashara, hili si jambo la hiari. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 humtaka mlipaji ushuru ahifadhi rekodi zake kwa miaka 5, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humtaka anayeweka habari za watu azikinge zisipotee wala kuangukia mikono isiyostahili.

Diski za nje ni za aina mbili. Ya kwanza ina sahani zinazozunguka ndani yake. Ni ya bei nafuu ikilinganishwa na ukubwa wake, lakini ikianguka kutoka mezani ikiwa inafanya kazi, huenda isiamke tena. Ya pili, SSD, haina kitu kinachozunguka. Ina kasi na hustahimili mitikisiko ya matatu na bodaboda, ila ni ghali zaidi, na haifai kutiwa kabatini miaka mingi bila kuunganishwa na umeme. Kwa faili za kuwekwa muda mrefu, ile ya sahani ingali chaguo la busara. Flashi ni ya kubebea faili, si ya kuzitunza.

Diski za sahani nazo zina maumbo mawili. Ile kubwa ya kukaa mezani huhitaji waya wake wa umeme, na stima ikipotea huzimika papo hapo, hata ikiwa katikati ya kuandika. Wakazi wa Nairobi hawahitaji kukumbushwa usiku wa Agosti 25, 2023, wakati sehemu kubwa ya nchi ilipotumbukia gizani. Ile ndogo hupata umeme kutoka kwa kipakatalishi, ambacho kina betri. Kwa afisi isiyo na jenereta, ndogo ndiyo bora.

Ukubwa wa kutosha ni mara mbili ya nafasi iliyo katika tarakilishi. Diski ya terabaiti 1 itaonekana katika Windows kama gigabaiti 931. Huo si wizi: mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Wizi upo kwenye diski zinazodai terabaiti nyingi kwa bei ya kustaajabisha. Hizo huwa zimechezewa zitangaze nafasi zisizokuwa nayo. Zikijaa, faili mpya hufuta za zamani kimyakimya. Iwe imenunuliwa katikati ya jiji au kando ya Ngong Road, diski mpya ipimwe kwa programu ya bure kama H2testw, ambayo huijaza yote kisha huyasoma yaliyoandikwa. Kazi hiyo huweza kuchukua saa nyingi, basi iachwe usiku.

Kisha kufomati, yaani kuipa diski utaratibu wa kupanga faili. Kufomati hufuta yaliyomo, ndiyo sababu hufanywa diski ikiwa tupu.

FAT32 ni utaratibu wa kale usiopokea faili moja inayofikia gigabaiti 4, hivyo video ya harusi itakataliwa hata nafasi ikiwa tele. NTFS ni wa Windows; tarakilishi za Mac huusoma lakini, zenyewe, haziwezi kuuandikia. APFS ni wa Mac, na Windows haiuelewi hata kidogo. exFAT, uliotolewa na Microsoft mwaka 2006, hukubalika pande zote mbili.

Wauzaji wengi hupendekeza exFAT kwa kila mtu. Ushauri huo una kasoro. exFAT hauweki kumbukumbu ya kazi inayoendelea, kwa hivyo waya ukichomolewa ghafla, orodha ya faili huweza kuharibika. NTFS na APFS hustahimili zaidi. Afisi yenye Windows pekee itumie NTFS. Yenye Mac pekee, APFS. exFAT ubaki wa diski inayosafiri kati ya mchoraji mwenye Mac na mhasibu mwenye Windows.

Hatari kubwa hujitokeza diski hizo zinapokutana na mashine ngeni. Diski iliyofomatiwa kwa Mac ikichomekwa katika Windows, huenda ukatokea ujumbe kwamba ni lazima ifomatiwe kabla ya kutumiwa. Diski haina ugonjwa wowote. Mashine haijui kuisoma. Anayekubali hupoteza orodha ya kila kitu. Likishatendeka, asiandike chochote zaidi juu yake, aitoe na kuipeleka kwa fundi wa kuokoa data. Fomati ya haraka hufuta orodha tu, na faili za diski ya sahani mara nyingi huokolewa. Fomati kamili, tangu Windows Vista, huandika sufuri kila mahali na haiachi kitu. Kwa SSD matumaini ni haba hata kwa ile ya haraka.

Diski yenye habari za wateja ifungwe kwa neno la siri. Mac ina uwezo huo. Windows ya toleo la Pro ina BitLocker. Wengine wanaweza kutumia VeraCrypt bila malipo. Neno hilo liandikwe na kuwekwa mbali na diski, kwani likisahauliwa hakuna fundi wa kuifungua.

Diski ziwe mbili. Ikiachwa imechomekwa daima, virusi vinavyofunga faili ili kudai fidia huifunga pamoja na tarakilishi. Zikikaa droo moja, mwizi huzibeba zote. Moja ibaki afisini, nyingine iende nyumbani, zibadilishane zamu kila Ijumaa. Na kila baada ya miezi mitatu, faili chache zifunguliwe kutoka kwa kila diski, katika tarakilishi tofauti na ile zilikotoka.