Waya Mwembamba

Harufu ndiyo iliyotangulia, kama ya mfuko wa nailoni unaoungua. Tulikuwa tumeipita Segera saa mbili usiku tukielekea Chalinze, mimi na mjomba wangu, nyuma tumepakia machungwa ya Muheza. Kisha moshi ukatoka chini ya dashibodi, na taa zote zikazima.

Mjomba aliitoa Land Rover barabarani kwa kukumbuka tu ukingo ulikuwa wapi. Lori likatupita kwa honi ndefu. Tulipotulia, aliniita kama wajomba wanavyowaita wapwa wao.

"Mjomba, zile taa zako mbili ulizipitishia wapi?"

"Kwenye swichi ya taa kubwa."

Hakuongeza neno. Afadhali angenigombeza.

Gari lile ni Series III, la miaka ya 1970. Swichi yake ilitengenezwa kwa taa zake lenyewe. Mimi nilikuwa nimeongeza taa mbili za wati 55 kila moja. Kwenye betri ya volti 12, hizo ni zaidi ya ampea 9 juu ya mzigo wa zamani, zote zikipita kwenye waya mwembamba uliozeeka. Umeme ukizidi mara mbili, joto la waya huzidi mara nne. Hesabu hiyo niliifaulu shuleni. Barabarani sikuikumbuka.

Asubuhi, fundi umeme mmoja wa Mkata alikata waya ulioungua, akatoa kijisanduku cheusi kinachoenea kiganjani. "Rilei," alisema. "Swichi inatoa amri tu. Kazi anafanya huyu."

Nyuma ya kijisanduku kuna namba nne. 30 hupokea umeme moja kwa moja kutoka betri, kupitia fyuzi iliyowekwa karibu na betri. 87 huupeleka kwenye taa. 86 huunganishwa na swichi, na 85 na bodi ya gari. Ukiwasha swichi, umeme kidogo sana, kama sehemu moja ya tano ya ampea, hupita kwenye koili na kuigeuza kuwa sumaku. Sumaku huvuta kipande cha chuma, tak, na njia ya umeme mkubwa hufunguka.

Nilirudi nyumbani nikitaka kujua nani aliwaza jambo hili, nikakuta lina umri mkubwa kuliko gari lenyewe. Mwaka 1835, huko Princeton, Marekani, mwalimu aitwaye Joseph Henry alitumia sumaku ndogo ya umeme, iliyoamriwa kutoka mbali, kuitawala sumaku kubwa. Umeme hudhoofika unaposafiri kwenye waya mrefu. Henry aliona kwamba ule uliodhoofika hauhitaji nguvu ya kufanya kazi. Unahitaji nguvu ya kuamsha betri nyingine tu. Hakuombea hataza. Leonard Gale, aliyekuwa amesoma maandishi yake, ndiye aliyemsaidia Samuel Morse, na mwaka 1844 waya wa Morse ukaziunganisha Washington na Baltimore. Jina walilipa kutoka kwa Wafaransa: farasi wapya waliongoja njiani kuwapokea waliochoka.

Waya huo ulifika kwetu pia. Mwaka 1879 kebo ya chini ya bahari ilitoka Aden ikafika Zanzibar, kisha ikaendelea kusini hadi Durban. Neno letu "simu" lina asili ya Kiajemi, lenye maana ya waya, na babu zetu walilitumia kwa telegrafu kabla halijawa la kuongelea. Chini ya bahari hapakuwa na rilei. Kituoni, karani alisoma alama dhaifu zilizofika, akazituma upya kwa mkono wake kwenye kebo inayofuata. Rilei alikuwa mtu.

Nafikiri juu ya makarani hao kila ninaposikia ule mlio. Nilidhani kuongeza kitu kwenye gari la zamani ni kutafuta tu mahali pa kuchomeka. Sikujiuliza nani ataubeba mzigo, na aliyeubeba usiku ule, gizani, na lori likija, alikuwa mzee wa miaka sitini na mitano.

Wiki mbili baadaye niliweka rilei ya pili mwenyewe, kwa ajili ya redio na chaja, amri yake nikiitoa kwenye ufunguo ili visinyonye betri gari likiwa limezimwa. Mjomba alisimama kando ya boneti, kimya. Nilipomaliza alizungusha ufunguo, akasikia tak, akauzima, akauzungusha tena. Kisha akashika waya kwa vidole, akangoja kama dakika tano.

"Hauna moto," alisema.

Akashuka, akanipa ufunguo, akazunguka kwenda kukaa upande wa abiria.