Malale ya Buha na Mwili wa Mbung'o

Ikizungumzwa historia ya Kibondo na Kasulu, nchi ya Waha mkoani Kigoma, halikosekani dai moja: kwamba malale yalidhibitiwa pale serikali ya Mwingereza ilipowatoa watu porini miaka ya 1930 na kuwakusanya katika makazi maalumu yaliyofyekwa vichaka. Kuna ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba dai hilo limeachwa lisimame peke yake, kana kwamba amri ya bwana shauri ndiyo iliyomshinda mbung'o anayeyaeneza.

Yaliyotangulia yanajulikana. Sotoka ya miaka ya 1890 ilimaliza ng'ombe, njaa na vita vikapunguza watu, miombo ikarudi kwenye mashamba na mbung'o akaifuata. Mtafiti John Ford aliyaeleza hayo mwaka 1971, Helge Kjekshus akayasisitiza mwaka 1977. Mwanahistoria Juhani Koponen alimjibu Kjekshus kwamba ameipamba mno enzi ya kabla ya ukoloni, na hapo Koponen ana haki. Lakini hoja ya Ford haijatikisika: wenyeji walikuwa na namna yao ya kuishi karibu na mbung'o bila kuangamia, na ukoloni uliivuruga kabla haujaielewa.

Kinachokosekana katika ubishi huo wote ni mdudu mwenyewe. Maandishi yanayomhusu yapo, ila wanahistoria wetu hawayafungui. Yaliyonivutia zaidi ni ya Einar Bursell, mtafiti wa fiziolojia ya wadudu aliyefanya kazi Shinyanga miaka ya 1950, kwenye kituo ambacho mtafiti wa mbung'o C.F.M. Swynnerton alikuwa amekijengea jina kabla ya kufa katika ajali ya ndege mwaka 1938.

Mbung'o jike hatagi mayai. Hulea buu mmoja tumboni na kumzaa kila baada ya siku tisa au kumi, akiwa na uzito unaokaribia wa mama yake. Buu huyo hujichimbia udongoni mara moja, ngozi yake ikakakamaa na kuwa nyeusi, akawa pupa. Tangu hapo hali wala hanywi kwa wiki kadhaa. Anategemea mafuta na maji aliyotoka nayo tumboni. Bursell alipima jinsi pupa wanavyopoteza maji kwa viwango tofauti vya unyevu na joto, na mwaka 1958 akachapisha makala ndefu juu ya hilo. Ukiisoma unaelewa kwa nini kufyeka kivuli kulifaa: udongo ulioachwa wazi juani hukausha akiba ya pupa.

Mwaka 1963, Bursell, akiwa ameshahamia Salisbury (Harare ya leo), alionyesha kuwa mbung'o anaporuka hachomi sukari kama nzi wa nyumbani. Huchoma prolini, asidi ya amino anayoipata kutokana na damu. Akiba hiyo huisha upesi, kwa hiyo huruka dakika chache, kisha hutulia kivulini akingoja.

Akingoja nini? Hilo lilijibiwa na waliosoma fahamu zake. Glyn Vale na wenzake huko Zimbabwe walifuatilia harufu ya ng'ombe, na mwaka 1984 ikatangazwa kuwa oktenoli, kemikali iliyomo katika pumzi ya ng'ombe, huamsha neva za vipapasio vya mbung'o. Macho yake nayo huvutwa na kitu kinachotembea. Ndiyo maana mbung'o wa miombo humfuata mtu wa baiskeli, na ndiyo maana zamani baiskeli zilisimamishwa kwenye vizuizi vya mbung'o zikakaguliwa.

Hapo dai la makazi linapwaya. Kufyeka kulimpunguza mbung'o penye nyumba, lakini Muha aliyekwenda kurina asali au kuwinda alimkuta palepale, akiwa na njaa. Ugonjwa ukabaki, na Kigoma imeendelea kutajwa miongoni mwa maeneo ya malale nchini miongo mingi baada ya makazi yale.

Thomas Odhiambo, aliyesomea fiziolojia ya wadudu Cambridge chini ya Vincent Wigglesworth, alianzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, mwaka 1970 ili elimu hii imilikiwe na Waafrika. Kwetu Kigoma bado haijaingia hata katika vitabu vya historia ya wilaya. Waliohamishwa wakiwa watoto, kama wangalipo, wamepita miaka tisini. Maofisa utamaduni wa Kibondo na Kasulu wawarekodi mwaka huu, na wawaulize juu ya mbung'o, si juu ya bwana shauri tu.