Mimba baada ya miaka 35: chagua kwanza pa kujifungulia

Nilipobeba mimba yangu ya mwisho nilikuwa na miaka 41, na huyo alikuwa mtoto wa sita. Watano wa kwanza walikuja bila tabu, wawili nyumbani kwa mkunga wa jadi. Mavyaa akaniambia, "Mwanangu, njia yako yajulikana, huyu atashuka tu." Shoga yangu, mwenye miaka 39 na mimba ya kwanza, yeye aliambiwa na kila mtu kuwa lazima apasuliwe. Sote wawili tulikuwa tumepotoshwa.

Kuanzia miaka 35, hatari fulani huongezeka: presha ya mimba na kifafa chake, kisukari cha mimba, mimba kuharibika, na mtoto kufia tumboni siku za mwisho. Uwezekano wa mtoto kuzaliwa na hali ya Down ni takriban 1 kati ya 1,250 mama akiwa na miaka 25, 1 kati ya 350 akiwa na 35, na 1 kati ya 100 akiwa na 40. Hata hivyo, wengi wetu hujifungua salama.

Aliyezaa mara tano au zaidi ana hatari nyingine: mfuko wa uzazi waweza kushindwa kujikaza baada ya kondo la nyuma kutoka, akavuja damu nyingi. Kuzaa kwa wepesi zamani hakumkingi.

Kwa hivyo swali la kwanza ni pa kujifungulia. Mkunga wa jadi ana mikono mizuri, lakini hana damu ya kuongeza. Mwombe akusindikize. Zahanati ina muuguzi na sindano ya kuzuia damu, ila haina chumba cha upasuaji. Kwa umri wetu ni bora hospitali yenye upasuaji na damu, kama ile kuu ya Makadara, ya Kilifi, Msambweni au King Fahd Lamu. Piga hesabu ya safari ya usiku: wa Likoni ana feri, wa Pate ana mashua na maji kupwa. Aliye mbali na ahamie kwa jamaa aliye karibu na hospitali wiki za mwisho. Suala la SHA nalo limalizwe mapema.

Swali la pili ni namna ya kujifungua. Umri peke yake si sababu ya kupasuliwa. Upasuaji unahitajika kondo likiziba njia, mtoto akilala kimshazari, au mapigo ya moyo wake yakishuka. Lakini huacha kovu, na mimba ijayo kondo laweza kujishika hapo. Njia ya kati ni kuanzishiwa uchungu kabla siku hazijapita.

Kliniki, anza mapema, na usikose mahudhurio manane. Kila mara upimwe presha na mkojo. Skani kabla ya wiki 24, sukari kati ya wiki 24 na 28. Uliza kama wafaa kupewa aspirini ya dozi ndogo kuanzia wiki 12, usijinunulie mwenyewe. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona vimulimuli, damu ikitoka au mtoto akipunguza kucheza, nenda saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Mimi presha ilipanda wiki ya 36, ikafika 150/100. Wiki ya 37 nikaanzishiwa uchungu, nikajifungua kwa njia ya kawaida. Kisha damu ikafunguka. Sindano, dripu na chupa mbili za damu ndizo zilizonirudisha. Mavyaa alikuwa nje ya wodi, tasbihi mkononi. Tangu siku hiyo, mja mzito akija kwake kuomba shauri, humuuliza kwanza, "Hospitali gani?"

Shoga yangu naye alijifungua kawaida, hospitalini, bila kupasuliwa.