Safu ya Lugha: Kiharusi
Hapa Salamabila Kifaransa kimetuzoesha kusema AVC badala ya kiharusi, na wapo wanaouita ugonjwa huohuo mshtuko wa moyo. Sivyo. Mshtuko wa moyo ni mshipa wa moyo kuziba. Kiharusi hutokea ubongoni, mshipa ukiziba au ukipasuka. Kupooza nako ni matokeo tu, neno lenye undugu na mapooza, matunda yanayonyauka kabla ya kukomaa. Hata hivyo moyo unahusika: umeme wake ukivurugika, vyumba vya juu hutetemeka badala ya kusukuma, damu hutuama, huganda, na donge husafiri hadi kichwani. Hali hiyo ni mapigo kwenda ovyo, msiiite presha; presha ni msukumo wa damu mishipani. Mdomo wa mzee ukipinda ghafla, mwambieni muuguzi "kiharusi", na saa kilipoanza.