Kitanda, Sanduku na Mbeleko

Binti yetu wa kwanza alipozaliwa mwaka 1991, tulikuwa tumepanga chumba kimoja Magomeni, Dar es Salaam, katika nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Chumba chetu kilikuwa hatua nne kwa tatu. Humo mlikuwa na kitanda chetu, kabati, meza, ndoo za maji na jiko la mafuta ya taa, ambalo mke wangu alilipikia uani siku za jua, na ndani siku za mvua.

Nami, kwa furaha ya kuitwa baba, nikaenda kwa seremala nikaagiza kitanda cha mtoto cha mninga, chenye vizuizi pande zote nne. Sikumwuliza mtu. Nilitaka wageni watakaokuja kutupongeza wakione.

Mama yangu alipofika kutoka Bagamoyo kumwuguza mzazi, alikizunguka kitanda kile kwa macho, akasema, "Mwanangu, hiki atalala nani? Usiku mtoto ananyonya, yuko na mama yake. Mchana akikaza shingo atakuwa mgongoni." Nilicheka. Niliyaona ni maneno ya kizamani.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililoumia halikuwa langu. Usiku mmoja wa masika mke wangu alikuwa akipita kiubavu, mtoto mkononi, kati ya kitanda kile na jiko. Kanga yake ikanasa kwenye kona, akayumba, birika likapinduka. Maji ya moto yakamwunguza mguu. Mtoto yalimkosa kwa shibiri moja. Kovu lile lipo mpaka leo, na kila nilionapo hujua ni kazi ya majivuno yangu. Kesho yake nilikirudisha kitanda kwa seremala, akakinunua kwa nusu ya bei.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza vyombo vya watoto vilitoka wapi, na nimesoma nilichoweza kupata. Nimegundua kwamba vingi vilizaliwa katika nyumba kubwa. Huko Uingereza, mwaka 1733, msanifu William Kent alimtengenezea mtawala wa Devonshire kigari cha watoto wake, chenye umbo la kombe, cha kukokotwa na mnyama mdogo. Mwenye kasri na bustani hana haja ya kuuliza kigari kitawekwa wapi.

Lakini watu wengi hawaishi katika makasri, na hata huko Ulaya ufinyu ulikuja kufundisha watu. Nchini Finland, mwaka 1938, serikali ilianza kuwapa kina mama wenye kipato kidogo sanduku la nguo na mahitaji ya mtoto mchanga, na tangu 1949 likawa la kina mama wote. Sanduku lenyewe ni la karatasi ngumu, na ndani mna godoro dogo. Nguo zikishatolewa, mtoto hulala humo. Akikua, sanduku hutunza vitu vingine.

Mwaka 1965 Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi mstaafu, alibuni kigari chepesi cha alumini kinachokunjwa kama mwavuli. Mtu huyu ndiye aliyekuwa ameshiriki kubuni miguu ya ndege ya kivita ya Spitfire, ile inayokunjwa angani na kukunjuliwa wakati wa kutua. Alimwona binti yake akihangaika na kigari kizito cha mjukuu, akautumia ujuzi wa vita kwa kazi ya kulea. Kigari chake hakikufika kilo 3.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Ann Moore, muuguzi wa Kimarekani aliyefanya kazi Togo miaka ya 1960. Aliwaona kina mama wa huko wamebeba watoto mgongoni kwa kitambaa, na watoto wametulia. Alipopata mwanawe alijaribu kufanya vivyo hivyo, kitambaa kikamteleza. Yeye na mama yake wakashona mbeleko yenye mikanda, na mwaka 1969 uvumbuzi huo ukasajiliwa Marekani. Nilipokisoma kisa hiki nilimkumbuka mama yangu akikizunguka kitanda cha mninga.

Sisemi kila cha zamani ni bora, wala simcheki anayenunua kitanda akiwa na pa kukiweka. Vijana wakiniuliza huwaambia jambo moja tu: kabla hujanunua, tazama chombo hicho kitakaa wapi wakati mtoto hakitumii. Kama hakikunjiki, hakitundikiki, wala hakina kazi ya pili, basi mtoto ndiye atakayekipisha.

Mwaka 2017 binti yule aliolewa. Upande wa bwana harusi walikuja na mahari, na kama ilivyo desturi yetu watu wa pwani, wakaleta pia mkaja na ubeleko wa mama: heshima ya nguo aliyojifunga tumboni baada ya kujifungua, na ya ile aliyombebea mtoto. Mke wangu alizipokea akaziweka mapajani, juu kidogo ya kovu lake. Mimi nilipewa kilemba changu. Kitanda cha mninga hakuna aliyekitaja.