Ubishi wa Boston na Copenhagen juu ya sukari ya mjamzito

Katika miaka ya 1930, siku ya mjamzito mwenye kisukari ilianzia kwenye jiko, na si kwa ajili ya chai. Alimimina dawa ya buluu kwenye bomba la kioo, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, akadondoshea matone 8 ya mkojo wake, akachemsha na kusubiri. Buluu ikibaki buluu, siku imeanza vizuri. Ikigeuka kijani, kuna sukari kidogo. Ikifika rangi ya chungwa au nyekundu ya tofali, mambo yameharibika.

Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha nyumbani, na kilikuwa na ila mbili. Mkojo ulisimulia habari za saa zilizopita, si za wakati ule. Isitoshe, figo za mjamzito huvujisha sukari hata pale ambapo damu yake ina kiasi cha kawaida, kwa hiyo bomba liliweza kuwa jekundu bila sababu. Mwanamke aliyeongeza insulini kwa kuliamini bomba peke yake aliweza kuzimia kabla ya adhuhuri.

Kila ifikapo 14 Novemba, siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini, dunia huadhimisha Siku ya Kisukari na hotuba hurudi Toronto ilikogunduliwa dawa hiyo. Mwaka 2024 kulikuwa na kumbukumbu nyingine ambayo huku kwetu haikupigiwa hata tarumbeta moja: miaka 100 tangu daktari Priscilla White aanze kazi katika kliniki ya Elliott Joslin mjini Boston, na miaka 50 tangu astaafu. Wajawazito wenye kisukari aina ya kwanza wanaojifungua salama leo wana deni la shukrani kwa mama huyu, ingawa katika jambo moja kubwa alikosea.

Ya kabla yake ni mafupi na ya kusikitisha. Mwaka 1882, James Matthews Duncan wa London alikusanya habari za mimba 22 za wanawake wenye kisukari, na taarifa yake imejaa vifo vya mama na mtoto. Waliougua kisukari utotoni hawakuwemo sana katika hesabu za aina hiyo, kwa kuwa wengi walikufa kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Insulini ya 1922 ikageuza mambo. Elizabeth Hughes, binti wa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alifikishwa kwa Banting mwaka huo akiwa mifupa mitupu. Aliishi hadi 1981, akaolewa na kuzaa watoto watatu.

Wasichana kama yeye ndio waliomletea White kazi. Yeye mwenyewe alikuwa amehitimu udaktari Chuo Kikuu cha Tufts mwaka 1923, akaenda mazoezini Worcester kwa kuwa hospitali za Boston hazikuwapokea wanawake. Kwa hesabu zinazotajwa na wanaosimulia kazi yake, alipoanza kwa Joslin, mimba 54 tu kati ya 100 za wenye kisukari zilileta mtoto hai. Alipoondoka mwaka 1974 zilikuwa zaidi ya 90, naye alikuwa amesimamia uzazi wa wanawake zaidi ya 2,200.

Njia yake ilikuwa kumfuatilia mama bila kumpa nafasi ya kupotea. Kliniki ya mara kwa mara, chakula cha kupimwa, insulini iliyobadilishwa kadiri mimba ilivyokua, na kujifungua mapema kidogo, kwa sababu watoto wengi walikuwa wakifia tumboni katika wiki za mwisho. Mwaka 1949 akatoa mpangilio wa kuwagawa wagonjwa kwa herufi, kuanzia A kwa anayetosheka na chakula maalumu hadi F kwa ambaye figo zimeguswa. Herufi za katikati zilitegemea zaidi umri wa mtu alipoanza kuugua na miaka aliyokaa na ugonjwa. Madaktari wa nchi nyingi waliutumia mpangilio huo kwa miongo kadhaa.

Lakini katika kapu la White kulikuwa na kitu kingine, na hapo ndipo ubishi ulipoanzia.

Mjini Boston walikuwapo pia George na Olive Smith, mke na mume watafiti wa homoni za ujauzito. White alishawishika nao kwamba watoto wa wenye kisukari wanakufa kwa sababu homoni za mama zimepoteza uwiano, na kwamba tiba ni kuzijazia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 wajawazito wake walipewa homoni, ikiwemo stilbestroli, estrojeni ya kutengenezwa maabara. Watoto walizidi kupona, na White akaamini homoni zina mkono hapo.

Upande wa pili wa Atlantiki, katika hospitali ya Rigshospitalet mjini Copenhagen, Jørgen Pedersen hakuridhika. Yeye aliwatazama watoto wenyewe. Walizaliwa wakubwa na wanene, nyuso zimejaa, halafu saa chache baadaye sukari yao inaporomoka. Kwa nini mtoto wa mama mwenye sukari nyingi apungukiwe na sukari? Jibu alilolitoa mwanzoni mwa miaka ya 1950 bado linafundishwa darasani. Sukari ya mama hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto, bali insulini ya mama haipenyi. Kongosho la mtoto hulazimika kufanya kazi ya ziada, na insulini yake mwenyewe ndiyo inayomnenepesha. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma ghafla huku insulini ya mtoto ikiendelea kumiminika. Kwa Pedersen, basi, dawa ya kwanza ilikuwa kuishusha sukari ya mama, hata kama ni kwa kumlaza wodini wiki nyingi za mwisho.

Wakosoaji wa White walimuuliza swali moja: mama anayepewa homoni, akahudhuria kliniki kila mara, akapimiwa chakula na kuzalishwa mapema, ameokolewa na kipi kati ya hivyo? Waingereza wakaamua kulijaribu jambo lenyewe. Baraza lao la Utafiti wa Tiba liliwagawa wajawazito wenye kisukari kwa bahati nasibu, wengine wakapewa homoni, wengine vidonge vinavyofanana navyo lakini visivyo na kitu ndani. Ripoti ilitoka mwaka 1955, na homoni hazikuonyesha faida yoyote.

Ungedhani mjadala umekwisha. Haukuisha. Stilbestroli iliendelea kuandikiwa wajawazito wa kila namna nchini Marekani, wengi wao wasio na kisukari, kwa hofu ya mimba kuharibika. Mwaka 1971 habari mbaya ikatokea Boston hiyo hiyo. Arthur Herbst na wenzake walieleza juu ya wasichana wanane wenye saratani adimu ya uke. Mama saba kati ya wanane walikuwa wametumia stilbestroli walipokuwa na mimba zao. Mwaka huo huo mamlaka ya dawa ya Marekani ikaonya isitumiwe kwa wajawazito.

White hakuwa tapeli. Alichokiona kwa macho kilikuwa kweli, kwamba watoto wake walikuwa wanapona. Ila kilichowaponya kilikuwa kule kuwaangalia mama zao kwa karibu, kazi ya kuchosha isiyo na kidonge ndani yake.

Kuanzia hapo historia inakwenda mbio. Mwaka 1978 madaktari wa Uingereza walionyesha kwamba mgonjwa anaweza kujipima damu kidoleni akiwa nyumbani, na wajawazito wakawa miongoni mwa wa kwanza kunufaika. Mwaka 1983 Fuhrmann na wenzake wa Karlsburg, Ujerumani Mashariki, wakatoa takwimu zilizoshtua. Kati ya wanawake 292 waliofika kliniki baada ya wiki ya 8 ya mimba, watoto 22 walizaliwa na kasoro za maumbile. Kati ya 128 waliorekebisha sukari kabla ya kushika mimba, ni mtoto mmoja tu. Viungo vikuu vya mtoto huumbika katika wiki za mwanzo, wakati mwanamke pengine hajajua kuwa ni mjamzito. Mwaka 2017 utafiti wa CONCEPTT ukathibitisha faida ya kitambuzi kinachobandikwa mwilini na kusoma sukari usiku na mchana, na Uingereza sasa inakitoa kwa wajawazito wenye aina ya kwanza kupitia huduma yake ya afya ya taifa.

Huku Afrika Mashariki, mpango wa kumsaidia mwenye aina ya kwanza unaelekea zaidi kwa watoto na vijana. Ni jambo jema, limeokoa wengi. Ila miradi ya misaada ina ukomo wa umri, na binti huambiwa amekuwa mtu mzima katika miaka ile ile anayoanza kufikiria kuzaa. Kliniki ya wajawazito nayo humpokea mimba ikiwa imekwisha kukua, wakati somo la Karlsburg lilihusu miezi iliyotangulia mimba yenyewe.

Mjamzito mwenye aina ya kwanza anashauriwa kuamka na sukari isiyozidi milimoli 5.3 kwa lita ya damu, na saa moja baada ya kula isizidi 7.8. Miezi mitatu ya kwanza sukari humshuka ghafla, hasa usiku. Baada ya hapo homoni za kondo huizuia insulini isifanye kazi, na kufikia miezi ya mwisho dozi yake inaweza kuwa maradufu ya ile ya mwanzo, au zaidi. Kondo likitoka, inabidi dozi ipunguzwe saa hiyo hiyo. Hakuna anayeweza kufuata mabadiliko hayo kwa kukisia.

Anatakiwa apime mara saba kwa siku: kabla na baada ya kila mlo, na wakati wa kulala. Na hesabu ya dukani haina huruma. Pakiti moja ya vipande vya kupimia huwa na vipande 50. Kwa wiki 40 za mimba ni pakiti 40, na kwa wengi fedha hutoka mfukoni. Pakiti anayoifungua Jumatatu asubuhi itambakizia kipande kimoja Jumatatu inayofuata, nacho atakitumia kabla ya chai.