Nani Alianza Kuhesabu Maprofesa?

Wasee, mnajua hata maprofesa wana namba zao kama sisi tulivyo na wafuasi? Ingia Google Scholar, andika jina la mtafiti, utaona hapo kando kazi zake zimerejelewa mara ngapi na watafiti wengine, na h yake ni ngapi. Kuna watu wameajiriwa, wamepandishwa cheo ama wamenyimwa pesa za utafiti kwa sababu ya hizo namba. Mimi niliacha chuo, so h yangu ni sifuri safi. Lakini nilitaka kujua hii hesabu ilitoka wapi.

Ilianza na mawakili. Huko Marekani, tangu 1873, kulikuwa na vitabu vya Shepard vilivyomwonyesha wakili kesi fulani imetajwa na kesi gani za baadaye, ndio asisimame kortini na uamuzi uliotupwa kitambo. Eugene Garfield akajiuliza mbona sayansi isiwe na kitu kama hicho. Akaandika wazo lake kwenye jarida la Science mwaka wa 1955, na kufikia 1964 kampuni yake ya Philadelphia ikawa imeanza kutoa Science Citation Index.

Kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta. Umesoma makala ya zamani, unataka kujua nani ameikosoa na nani ameiendeleza. Basi. Lakini ukishakuwa na orodha ya nani kamtaja nani, kuhesabu ni rahisi. Na watu wakahesabu.

Mwaka wa 2005 akaja Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, na ile h. Iko hivi: ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10, na hujafikisha 11 zilizorejelewa mara 11, h yako ni 10. Kusema ukweli, ni wazo smart. Makala moja iliyovuma haikubebi, na makala mia ambazo hakuna anayezitaja hazikubebi pia.

Shida inaanza ukilinganisha fani tofauti. Kwenye makala hiyohiyo ya Hirsch, Edward Witten aliongoza wanafizikia aliowaorodhesha akiwa na h ya 110. Stephen Hawking alikuwa na 62. Halafu Solomon Snyder, mtafiti wa ubongo, 191. Sasa tuseme Snyder ni Hawking mara tatu? Zii. Sayansi ya uhai ina watafiti wengi sana, na makala zao hubeba orodha ndefu za marejeleo. Hisabati huenda polepole. Ni kama kuchukua mabao ya Gor na pointi za Shujaa kwenye raga, halafu useme Gor hawajui kucheza. Hirsch mwenyewe alionya kuhusu hizi tofauti za fani. Onyo lilibaki kwenye makala, namba ikasafiri peke yake.

Mcheki Peter Higgs. Mwaka wa 1964 aliandika kuhusu chembe ambayo CERN waliipata 2012, akashinda Nobel 2013. Baada ya 1964 alichapisha makala zisizofika 10. Aliambia gazeti la Guardian kwamba siku hizi hakuna chuo kingemwajiri, wangemwona hazalishi vya kutosha.

Hapa kwetu inauma zaidi. Fikiria mtu anayetafiti tenzi za Lamu na kuandika kwa Kiswahili, tena kwenye vitabu. Faharasa hizi zilikua juu ya majarida, mengi ya Kiingereza. Kitabu chake kinaweza kufundishwa darasa baada ya darasa na h isisonge hata kidogo. Halafu kamati inamweka kando ya mtu wa biolojia na kuuliza mbona yuko chini.

Mwaka wa 2020 Hirsch aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kuleta madhara makubwa. Ameona kimefika wapi.

Sisemi namba zitupwe. Bila namba, kujuana ndio kungetawala, na hiyo story tunaijua vizuri hapa Kenya. Nasema ukionyeshwa h ya mtu, uliza maswali mawili: ni ya fani gani, na ni ya miaka mingapi? Halafu fungua angalau makala yake moja usome. Garfield alitengeneza ile orodha ndio watu wapate cha kusoma.